Mollo Imepakwa Nyekundu

Juzi, kwenye duka la mbolea mjini Sumbawanga, bibi mmoja aliomba mfuko kwa mkopo mpaka mavuno. Muuzaji, bila hata shikamoo, akagonga kalamu kwenye ramani ukutani, penye kijiji cha bibi.

"Mollo tumeipaka nyekundu. Eneo la hatari. Mvua ikikataa je?"

"Mahindi yakifa bondeni, ulezi uko mlimani na maharage yako kwenye matuta. Umewahi kufika kwetu, mjukuu wangu?"

"Sijafika. Ramani imetoka Dar."

Tangu ushirika ufe tunaambiwa soko huria litatufikia mashambani. Kumbe limeishia ukutani! Nilisonya kwa hasira mpaka mwanangu mgongoni akaamka.

Mama mmoja aliyekwisha kununua mifuko miwili akamsogezea bibi mfuko mmoja. "Chukua, utanirudishia ukivuna."

Nikamuuliza mama huyo anaishi wapi.

"Mollo," akajibu.