Shingo ya Turei

Jana nimepita mbele ya klabu yetu ya raga nikamkuta Garth Pillsworth akiwasimulia wageni habari za kombe la mwaka wa tisini na saba. Eti tulilipata kwa jasho. Damu ikanichemka upya, mtu mzima mimi, nikasimama pale na mfuko wangu wa viazi. Jasho la nani, Garth? Mimi nilikuwepo. Mimi ndiye niliyebeba ndoo na sponji, mimi ndiye niliyewafunga plasta masikio na vidole wanaume wale misimu tisa, na siku ile mimi ndiye niliyefungua mdomo wangu mbele ya refa. Basi ngoja niseme mimi, Maraea Horomona, na atakayeudhika shauri yake.

Kaka yangu Turei alikuwa mnyoaji kondoo. Mtu wa kuinama tangu alfajiri mpaka jioni, kondoo mia tatu kwa siku, kisha Jumanne na Alhamisi anaingia kwenye gari lake bovu na kuendesha saa nzima kwenda kufanya mazoezi na timu ya mkoa. Halipwi. Mkoa wetu wa Waimoko hakuna aliyelipwa. Walikuwa wafugaji, madereva wa malori ya maziwa, na mwalimu mmoja wa shule ya msingi. Ukichaguliwa unapewa jezi na soksi, na soksi unarudisha.

Turei alicheza nguzo, namba moja. Huyo ndiye wa mbele kabisa kwenye skramu, anayeingiza kichwa chini ya kifua cha adui huku wenzake wanamsukuma kwa nyuma na wanane wa upande wa pili wanamrudisha. Miaka kumi na nne alikaa hapo. Alivunjika vidole, alivunjika mbavu, pua sijui mara ngapi, na hakuwahi kutoka uwanjani kabla ya filimbi ya mwisho. Hata mara moja. Kuna siku nilimkimbilia na machela, damu imemtapakaa usoni, akanitazama kwa jicho moja lililobaki wazi.

"Hiyo machela ni ya nani?"

"Ya kwako, mjinga wewe."

"Kalalie wewe, umechoka kukimbia."

Ndiyo sababu marefa wote walimjua. Turei akisema mpira ulimgusa yeye, basi umemgusa. Akisema hakumpiga mtu, hakumpiga. Hakuwa na shamba, hakuwa na cheo, alikuwa na hilo tu, na alilitunza.

Msimu ule tulianza kwa kupigwa nyumbani, pointi arobaini, watu wakaondoka kabla ya mapumziko. Baada ya hapo tukashinda mechi sita mfululizo, na zote tulizishinda kwenye skramu. Tukaingia fainali na Tararoa, wenzetu wa ng'ambo ya mto, na fainali ikaangukia kwetu. Miaka ishirini na sita Waimoko haikuwa imeshika kombe. Halafu ilikuwa mechi ya mia ya Turei. Alikuwa na miaka thelathini na tisa na alishasema ikiisha hiyo anatundika viatu.

Mchezaji wa mechi ya mia hutoka peke yake mbele ya wote. Tararoa walipanga mstari wakampigia makofi. Magari yaliyozunguka uwanja yakapiga honi yote kwa pamoja, na mama yetu, Mama Kuini, alikuwa kwenye lile la kijani karibu na nguzo za goli, blanketi magotini, akipiga honi kwa kiganja mpaka nikadhani ataivunja. Aliyekuwa wa mwisho kumshika mkono Turei ni Dougal Rennick, nguzo namba tatu wa Tararoa, mfugaji wa ng'ombe mwenye nywele nyekundu. Hao wawili walikuwa wamegongana vichwa kwa miaka kumi na moja.

"Nitakuzika leo, mzee," Dougal akamwambia.

"Leta na koleo, basi. Mwaka jana ulisahau."

Dakika ya thelathini nguzo wetu wa upande wa pili akateguka goti. Akaingia yule mwalimu, Neville, mtu mpole, kilo zake zote zimekaa tumboni. Hatukuwa na nguzo mwingine kwenye benchi. Tuliongoza kumi na tisa kwa kumi na saba, lakini kila skramu Tararoa walitukanyaga. Upande wa Turei ulisimama imara, upande wa Neville ukaporomoka, mpaka zikabaki dakika ishirini za mchezo.

Hapo ndipo Garth, kocha wetu, aliponishika kiwiko.

Siku zile kanuni ilikuwa hivi: nguzo akiumia na hakuna wa kumbadilisha, refa anaamuru skramu zisisukumwe tena. Watu wanashikana tu mabega kama ndugu msibani, mpira unatoka, basi. Nguvu yote ya Tararoa ingekuwa kazi bure.

"Peleka maji," Garth akasema. "Mwambie Turei alale. Ashike shingo."

"Shingo imefanya nini?"

"Maraea, usijifanye hujui."

"Mwambie Neville alale. Si ndiye anayekufa pale?"

"Neville akilala refa atacheka. Turei hajalala tangu azaliwe. Turei akilala, refa ataamini."

Nisikilizeni vizuri hapo. Yaani uaminifu wa kaka yangu, miaka kumi na nne ya kuamka na mbavu zilizovunjika, Garth aliuona kama kondoo mnono aliyefugwa kwa ajili ya sherehe yake. Nilipaswa kumtupia ile ndoo kichwani. Haki ya Mungu, nilipaswa. Badala yake nikaenda na maji, nikamwambia Turei maneno yale yale.

Akasukutua, akatema. "Mwambie Garth aje alale mwenyewe."

Nilifurahi, nakiri. Lakini ikaja skramu nyingine, na nyingine, na katika ya tatu Neville akalia kwa sauti ambayo wanaume huwa hawaitoi mbele za watu. Alipoinuka uso ulikuwa mweupe. "Siwezi, Turei," akasema. "Kaka, siwezi tena." Turei akatazama benchi, Garth amenyoosha vidole viwili, pointi mbili. Akatazama yale magari yote. Kisha skramu ikashikana, ikaanguka, watu wakainuka mmoja mmoja, na kaka yangu hakuinuka.

Nikakimbia. Refa alikuwa amepiga magoti karibu naye, na Dougal yuko pembeni mikono kichwani. Turei macho kafumba. Refa akaniuliza, "Dada, ni nini?"

Neno moja tu lilihitajika. Nikasema, "Shingo."

Tukamvika kola ya shingo, tukamtia kwenye machela aliyoikataa maisha yake yote. Tulipokuwa tunamtoa, magari yakaanza kupiga honi. Yote, hata ya watu wa Tararoa. Walikuwa wanamheshimu. Mimi nilikuwa nimeshika mpini wa machela nikitamani ardhi inimeze, na Turei machozi yalimtoka pembeni yakaingia masikioni, na watu wakadhani ni maumivu. Skramu zikawa za kushikana mabega. Tukashinda kumi na tisa kwa kumi na saba.

Chumba cha kubadilishia nguo kilijaa kelele. Garth akapita akiwa amelowa bia kichwani, akamwinamia Turei. "Usiivue mpaka refa aondoke. Umetuokoa, mzee." Ndipo mlango ukafunguliwa, akaingia Dougal na matope yake yote, jezi yake mkononi. Nguzo hubadilishana jezi, ndiyo desturi. Lakini hakuitoa. Alisimama tu akiisokota mikononi.

"Nilisikia kitu kimelia," akasema. "Niliposukuma. Turei, nilisikia."

Kilicholia kilikuwa mbavu za Neville. Hakuna aliyemwambia. Wanaume ishirini na wawili chumbani, kila mmoja ghafla ana kamba ya kiatu ya kufungua.

"Nimempigia simu mke wangu," Dougal akaendelea. "Nimemwambia basi, sitacheza tena. Ukiwa huwezi kunyoa, nitakuja mimi. Sijui kunyoa vizuri, lakini nitakuja." Akaiweka jezi kwenye goti la Turei, akatoka. Turei akaikunja ile jezi, akaiweka ndani ya begi lake.

Klabuni walipika soseji na viazi kwa timu zote mbili, na Mama alileta mkate wake wa kukaanga mabakuli mawili. Kombe liliwekwa mezani. Refa alikuwa amekaa viti vitatu kutoka kwangu, anakula. Walipomwita Turei atoe hotuba ya mechi ya mia, watu walipiga meza mpaka vikombe vikaruka. Akasimama polepole. Akapeleka mikono nyuma ya shingo, akaifungua ile kola, akaitumbukiza ndani ya kombe.

"Dougal," akasema. "Shingo yangu nzima. Ilikuwa nzima. Nililala chini kwa uongo, kwa sababu nilijua nitaaminiwa. Hukuniumiza. Rudi ucheze."

Hakuongeza lingine. Hakumtaja Garth. Hakunitaja mimi.

Halafu sauti kutoka nyuma: "Msaliti!" Na nyingine: "Umeshindwa kunyamaza siku moja tu?" Garth akawa mwekundu shingo mpaka masikio. "Keti, Turei. Umechanganyikiwa, ni ile ajali."

Turei hakuketi, kwa sababu alikuwa anangoja. Kwetu sisi Wamaori, wenyeji wa asili wa nchi hii, mtu akimaliza kusema, watu wake huinuka wakamwimbia. Hotuba isiyo na wimbo ni kama mtu aliyevuliwa nguo akaachwa sokoni. Nusu ya wachezaji walikuwa Wamaori, binamu zetu, wameimba tangu wananyonya. Walitazama sahani zao.

Na mimi? Mimi nilikuwa nimekaa. Ndiyo. Anayewatukana wote leo alikuwa amekaa na soseji yake mbele, kwa sababu nikisimama kumwimbia nimekubali maneno yake, na maneno yake yananihusu, na refa yuko viti vitatu kutoka hapa. Mkitaka kujua hasira hii naielekeza kwa nani zaidi, ni hapo.

Mama ndiye aliyeinuka. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, alijivuta kwa fimbo na ukingo wa meza, akaanza ule wimbo wa mto wetu, peke yake, sauti imekatika katikati. Alipofika mwisho wa ubeti wa kwanza akageuka.

"Maraea, wamekupigilia misumari kwenye kile kiti?"

Nikainuka. Refa alinitazama moja kwa moja, sikukwepa. Nikaimba. Upande wa pili wa meza Neville akainuka, kashika mbavu. Kisha Dougal, asiyejua neno hata moja la wimbo ule, akasimama akawa anafungua mdomo kila tukishamaliza mstari. Wanne tulikuwa. Katika ukumbi wa watu mia mbili, wanne.

Kombe halikurudishwa. Waliokuwa na mamlaka walisema filimbi ikishapigwa imepigwa. Mimi niliambiwa nisije tena na ndoo yangu. Na Turei, Novemba ilipofika, msimu wa kunyoa, wafugaji wa Waimoko wakawa eti wameshapata watu wengine. Wanaume waliompigia honi! Alivuka mto, akanyoa kwa Dougal na majirani wa Dougal miaka kumi na minane. Pale klabuni kuna ubao wa waliotimiza mechi mia. Jina lake halimo mpaka leo. Nilitaka kwenda na rangi yangu mwenyewe, akanizuia. "Waache," akasema. "Ile ya mia sikuicheza. Nililala." Akacheka. Yeye aliweza kucheka.

Alifariki majira ya baridi yaliyopita, moyo, akiwa kwenye ngazi za banda la sufu. Siku ya pili ya msiba, klabu ya Waimoko ikaja na basi zima, makoti yao ya bluu ya klabu, Garth mbele. Alisimama katika uwanja wa msiba mbele ya jeneza la kaka yangu akahutubia. Alisema Turei alikuwa mtu wa timu. Alisema bila Turei lile kombe lisingekuja. Akamaliza, akasimama pale na kofia mkononi, akingoja wimbo wake.

Katika basi lile hapakuwa na mwimbaji. Wote walijua ni nani aliyekuwa akiwaimbia klabu zamani katika misiba na harusi zao, na wenyeji kwa kawaida huwahurumia wageni wa namna hiyo. Basi macho yote yakanijia mimi, pale nilipokaa kando ya jeneza. Binamu yangu akaninong'oneza, "Dada, msaidie, ni aibu."

Nikaweka mkono wangu juu ya jezi ya Tararoa tuliyomfunika nayo Turei, nikamtazama Garth usoni, nikabaki nimekaa.