Mraba wa Madigadi ya Mbele

Jumatatu, tarehe 4 Agosti 1986. Manyunyu tangu alfajiri, mawingu yameshuka hadi kwenye mapaa, upepo hakuna. Rangi haikauki.

Ndivyo alivyoandika asubuhi ile, katika daftari lake la kazi, mwandika vibao ambaye mtaa mzima ulimwita Rula. Jina hilo alipewa na mwenye duka la dawa, siku aliyomwona akipima nafasi kati ya herufi mbili mara nne na brashi bado kavu. Jina halikumuudhi. Yaliyomuudhi yalikuwa mengine: herufi zilizolala, makopo yasiyofunikwa, na watu wanaosema "inatosha hivyo hivyo." Katika banda lake la mabati, lililoegemea ukuta wa jikoni, brashi zilining'inia kwa kufuata unene, na kila kopo lilikuwa na karatasi iliyosema lina nini na lilifunguliwa lini.

Katikati ya banda hilo, juu ya matofali manne, ilisimama pikipiki.

Aliipata miezi minane nyuma, alipokwenda kuandika kibao kipya cha kiwanda cha mikate. Ilikuwa imelala nyuma ya tanuri chini ya magunia, na mjane mwenye kiwanda alimwambia aichukue, maana ilikuwa inamkwaza kila apitapo. Rula akamwaga maji kwenye tangi, akapitisha msasa. Ikatoka bluu ya mikate. Chini yake ikatoka nyeusi, na chini ya nyeusi ikaanza kujitokeza namba nyeupe, tarakimu moja baada ya nyingine. Ilipofika ya nne alikaa kitako juu ya gunia la unga. Namba ile alikuwa akiisikia tangu alipooa. Baba mkwe wake, aliyekuwa mpeleka barua wa jeshi wakati wa Vita Vikuu vya Pili, aliitaja katika kila mlo kama mtu anayetaja jina la mtoto wake wa kwanza.

Basi ikawa ni ile ile. Na tangu siku hiyo Rula hakuwa na amani.

Chama cha wapiganaji wa zamani kilikuwa na sherehe yake Jumamosi ya juma lile. Pikipiki, ambayo injini yake fundi alikuwa ameshaifufua, ingetangulia mbele ya msafara, mzee mwenyewe juu yake, kwani magoti yake yalikuwa bado yana nguvu. Wazee wenzake walitaka iwe na rangi na alama zake zote, kama ilivyokuwa. Rula naye alitaka hivyo hivyo, hata kuliko wao. Shida ilikuwa mzee.

Alifika kila siku saa tatu kasorobo, mwavuli mkononi, akakaa kwenye kigoda bila kukaribishwa na kuanza kutoa kasoro.

"Hii inang'aa kama kiatu cha bwana harusi."

"Bado mbichi, baba. Ikikauka itafifia."

"Mimi nikienda vitani na hii wangenipiga risasi kabla sijawasha."

Rula alikuwa amepaka vipande saba vya bati rangi saba, akaviandika namba kwa nyuma, ili mzee achague. Daftari lilikuwa na habari yote. Alhamisi mzee alichagua cha tatu, akakishika kama picha ya marehemu. Ijumaa alikitazama hicho hicho akasema ni rangi ya mlango wa choo cha shule, kisha akachagua cha sita. Jumamosi akavishika vyote viwili na kuuliza kwa nini Rula amepoteza mafuta kupaka rangi moja mara mbili.

Cha tatu kilikuwa kijani. Cha sita kilikuwa rangi ya udongo.

Rula akavipanga tena vipande vyake. Mtu hambishii baba mkwe. Chini ya skrubu ya siti alikuwa amekuta kipande cha rangi ya zamani kisichozidi ukucha, na kilifanana na cha sita, kwa hiyo akapaka cha sita na kumwambia mzee ni kile alichokipenda. Haukuwa uongo. Mzee alikuwa amevipenda vyote.

Lakini Jumatatu ile ya manyunyu ndipo yalipomfika shingoni. Alikuwa akisugua madigadi ya mbele, polepole kwa msasa laini na maji ya sabuni, ndipo ulipojitokeza mraba wa ukubwa wa kiganja uliokatwa katikati kwa wima: nusu nyekundu, nusu kijani. Alama ya kikosi. Rula akausogelea. Akaupangusa kwa kitambaa, akaupima, akauchora daftarini, na mzee alipokunja mwavuli mlangoni akamwita kwa furaha ambayo hakuwa nayo kwa wiki nzima.

"Baba, njoo uone! Alama yenu hii hapa!"

Mzee akainama mpaka pua ikakaribia kugusa chuma. Akatabasamu.

"Nilikwambia. Mraba wa rangi moja."

Rula alimtazama, akautazama mraba, kisha akamtazama tena.

"Baba, hizi ni mbili."

"Mbili ziko wapi?"

"Hii hapa, na hii hapa."

"Wewe bwana," mzee alisema akinyooka, "hiki chombo nimekipanda miaka miwili, kwenye vumbi na kwenye matope. Wewe umekipanda lini?"

"Sijakipanda, baba, ila macho..."

"Macho yana nini?"

"Hayana kitu, baba."

"Unanifanyia mzaha ndani ya banda lako?"

"Hapana, baba."

"Paka unavyotaka. Ila ukipaka uongo, mimi siketi juu yake. Mtamweka mwingine."

Akafungua mwavuli akiwa bado ndani ya banda, ukagonga kopo la tapentaini, kopo likamwagika, naye akaondoka bila kutazama nyuma. Rula alibaki amepiga magoti, tapentaini ikimwingia kwenye suruali, akijiuliza ni kosa gani alilomtendea Mungu hata akapewa mkwe wa namna hii.

Mkewe alimkuta hivyo hivyo. Alikuwa ametoka jikoni na bakuli.

"Umemfanya nini baba? Amepita kama treni."

"Mimi? Muulize yeye amenifanya nini! Mtu anatazama nyekundu na kijani, uso kwa uso, anasema ni rangi moja! Miezi minane nasugua, yeye ananiita mwongo!"

"Punguza sauti. Na mimi nina yangu naye. Nilimwambia apitie sokoni, ona alichoniletea." Akainamisha bakuli. "Nyanya mbichi. Tena. Zote."

"Siku zote analeta mbichi?"

"Tangu mama afariki. Mama hakuwa akimtuma nyanya, sijui kwa nini. Mimi nikasema ni uanaume tu, hamjui kununua kitu."

Rula alinyoosha mkono akachukua nyanya moja. Ilikuwa kijani kibichi, ngumu kama jiwe. Akaiweka juu ya madigadi, karibu na nusu nyekundu ya mraba. Kisha akafungua daftari, ukurasa wa Alhamisi, wa Ijumaa, wa Jumamosi, akipitisha kidole kwenye mistari yake mwenyewe iliyonyooka.

"Haoni," alisema.

"Nani haoni? Baba anasoma gazeti bila miwani!"

"Nyekundu na kijani. Kwake ni kitu kimoja. Mama yako alikuwa anajua."

Mkewe alikaa kwenye kigoda cha mzee. Akasema polepole, "Mashati yake mama aliyapanga kabatini mwenyewe. Hakutaka mtu ayaguse. Sisi tulidhani ni ukali."

Hapo Rula angeweza kupumua. Angepaka mraba kama ulivyokuwa, rangi mbili zilizokolea sawa, na mzee angeona rangi moja yake, akapanda kwa raha. Kila mtu angeona anachokiona. Alilala usingizi mzuri siku hiyo, na hata Jumanne iliyofuata mvua haikumkera.

Jumatano alikuja Koplo.

Huyu alikuwa katibu wa chama na rafiki wa baba mkwe tangu siku ya kuandikishwa jeshini. Sauti yake ilisikika kabla yake. Hata akinong'ona, majirani walijibu.

"RULA! MAMBO YANAKWENDAJE?" Akauona mraba, akapiga makofi. "NYEKUNDU NA KIJANI! YENYEWE KABISA! Sikia. Tumepata kipaza sauti. Jumamosi, kabla ya msafara, baba mkwe wako atasimama kando ya pikipiki hii, ataeleza alama moja moja mbele ya watu wote. Namba, mraba, kila kitu. Nani mwingine anajua kama yeye?"

Alipoondoka, Rula alikwenda jikoni akasimama mlangoni.

"Atasema rangi moja," alimwambia mkewe. "Kwenye kipaza sauti. Mbele ya kikosi chake chote."

Mkewe akaacha kukoroga. "Mwambie."

"Nimwambie mimi? Ni baba yako!"

"Na ni mkwe wako! Mimi binti yake nitaanzaje kumwambia macho yako mabovu?"

"Mimi je, nitaanzaje? Wiki hii tayari ameniita mwongo!"

"Basi si umeshazoea?"

Waligombana hivyo mpaka chakula kikaungua. Alhamisi wakagombana tena, kwa sauti ya chini, maana mzee alikuwa amepita barabarani bila kuingia, mwavuli umefungwa ingawa mvua ilinyesha, ili aonekane amekasirika.

Ijumaa jua lilitoka. Rula alipaka mraba asubuhi, mstari wa katikati umenyooka kama uzi. Kisha akafanya jambo pekee alilolijua. Alichukua karatasi ngumu, akaandika kwa mwandiko wake wa vibao, alama zote kwa mpangilio: namba ya tangi, tarakimu nyeupe. Rangi ya mwili, udongo, isiyong'aa. Mraba wa mbele, nusu ya kushoto nyekundu, nusu ya kulia kijani. Akaenda nayo mwenyewe hadi nyumbani kwa mzee, nyumba ya vyumba viwili ambako kabati la marehemu mkewe bado lilikuwa na ufunguo mlangoni.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Hakumwambia aketi.

"Koplo ameomba maelezo ya kesho. Nimeyaandika, ukipenda uyapitie."

Mzee alisoma kwa kunyoosha mkono, midomo ikicheza. Alipofika mstari wa tatu midomo ikasimama. Rula akatazama sakafu. Alihesabu vigae, akafika kumi na tisa.

"Kushoto," mzee alisema hatimaye. "Kushoto kwangu mimi niliyepanda, au kwa mtu anayetazama kutoka mbele?"

Rula akaikodolea macho karatasi. Hakuwa ameandika. Yeye, aliyeandika tarehe kwenye vifuniko vya makopo, hakuwa ameandika kushoto kwa nani.

"Kwa anayetazama, baba."

"Ungeandika. Ningeumbuka." Mzee akatoa kalamu mfukoni akaongeza maneno hayo mwenyewe, kwa mwandiko wa kupinda ambao siku nyingine ungemuudhi Rula. "Keti."

Rula akaketi.

"Siku ya kupimwa macho tulioneshwa nyuzi za sufu za rangi mbalimbali, tuzitaje. Aliyenitangulia kwenye foleni alikuwa Koplo. Sauti yake unaijua."

"Naijua, baba."

"Alizitaja zote. Mimi nikashika mpangilio." Akakunja karatasi mara mbili. "Wangejua, wasingenipa pikipiki. Ningepewa sufuria."

"Na kazi, baba? Uliifanyaje?"

"Hapo ndipo palipokuwa na taabu. Mfuko wa barua wenye utepe mwekundu ulikuwa wa haraka. Wa kijani, unakwenda taratibu, unapumzika njiani, unakunywa maji."

"Ulizijuaje?"

"Ningezijulia wapi? Zote nilipeleka mbio."

Miaka ishirini na minne Rula alikuwa amesikia, katika kila mlo, kwamba kikosi kizima hakikuwa na mpeleka barua mwenye mbio kama baba mkwe wake. Alijizuia. Akauma shavu kwa ndani. Kisha mzee mwenyewe akaanza kucheka, bila sauti, mabega yakiruka, ndipo Rula naye akajiachia mpaka machozi yakamtoka.

"Marehemu mke wangu alijua," mzee alisema akijifuta. "Sasa na wewe. Binti yangu?"

Rula alifikiri juu ya bakuli la nyanya.

"Yeye anasema hujui kununua vitu tu, baba."

"Mwache aseme hivyo hivyo. Na ile rangi yako ya mwili," akainua kidole, "rangi yake siijui, ila mng'ao nauona. Bado inang'aa. Ipitishie msasa."

"Nimeipitishia mara tatu!"

"Ya nne, basi."

Jumamosi, tarehe 9 Agosti. Anga nyeupe, umande mwingi, hakuna mvua. Rula aliamka mapema akaipitishia pikipiki msasa laini mara ya nne, akinung'unika peke yake. Alipojipangusa mkononi unga mwembamba wa rangi, akarudi nyuma hatua tatu. Mzee alikuwa amesema kweli. Pikipiki ilipoteza mng'ao, ikawa chuma kilichotoka mbali.

Saa mbili baba mkwe alifika, koti limepigwa pasi, medali mbili kifuani, karatasi mfukoni. Mkewe Rula akampokea kwa furaha, akamzunguka akimtoa uzi begani. Rula alimtazama kutoka juu hadi chini kama anavyotazama kibao kabla ya kukikabidhi, na macho yake yakasimama kwenye vifundo vya miguu. Soksi moja ilikuwa kahawia. Nyingine kijani.

Mkewe alikuwa bado hajainama.

"Baba," Rula alisema haraka, "hizo soksi zina mpira mkali. Utafika huko miguu imekufa ganzi. Vaa hizi zangu."

Akaketi kwenye kigoda, akavua soksi zake nyeusi, akampa. Kisha akavaa viatu miguu mitupu, akatoa matofali moja baada ya jingine, akaisukuma pikipiki mpaka barabarani, na kuanza kuipiga teke iwake.