Doa Karibu na Mpini

Nikisikia harufu ya mawese yaliyochanganywa na jivu, narudi kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, kwenye nyumba yetu ya udongo, msimu ule vita vya Kongo vilipokuwa vikituletea majirani wapya kila juma. Nilikuwa msichana wa miaka kumi, mbishi, mjuaji wa kila kitu. Kaka yangu alikuwa karibu kuoa, na katika ukoo wetu wa Fizi, kule Kongo, bwana harusi hutanguliwa na upanga. Upanga wenyewe, wa Babu, ulikuwa umeliwa na kutu. Baba alikuwa Lilongwe, akishona nguo kule Mchesi, basi Mama akanigeukia: "We mwenye mikono haitulii, ng'arisha ile chuma."

Nilisugua siku tatu. Kwanza jivu na mawese, kisha msasa laini, kisha kitambaa, nikifuata urefu wa chuma, maana ukisugua kwa kukatisha unaacha mikwaruzo. Kutu yote ilitoka isipokuwa doa moja karibu na mpini, la mviringo, lenye mistari myembamba. Lilinikera mno. Nikalirudia kwa msasa hadi likaisha. Mcheza kwao hutunzwa: majirani walikuja kujitazama sura zao kwenye upanga, nami nikavimba kichwa.

Jumamosi Baba alishuka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, akauchukua upanga, akapitisha kidole pale karibu na mpini.

"Hapa ni nani alisugua?"

"Njo mi, Baba."

Nilingoja sifa. Alicheka kidogo, akakaa chini, akasema hana njaa. Mama akanung'unika kwamba nsima inapoa. Baba alikuwa bado anacheka, na machozi yanamtoka. Sikuelewa kitu. Hakunichapa, na hilo likanitia hofu zaidi.

Alisema baada ya harusi. "Babu yako alinipa huu upanga siku tulikimbia. Mikono yake ilikuwa na jasho. Kidole yake ikabakia hapa, ikashika kutu. Picha yake hatuna." Babu alibaki Fizi, na hatukusikia habari zake tena. Majuto ni mjukuu, na mjukuu nilikuwa mimi.

Leo naishi Lilongwe, mtaa wa Area 23, na upanga uko ukutani. Baba, katika homa yake ya mwisho, aliuomba, akabana kidole gumba pale pale, akaniambia nisipapake mafuta. Mpaka sasa sijui alikuwa ananisamehe au ananiadhibu. Nausafisha kila mwezi, nikifika pale naruka. Binti yangu naye ana mikono isiyotulia. Yeye nilimwambia habari ya lile doa kabla hajauliza.