Mashine Inayomwona Nakhumicha

Asubuhi hii, ndani ya maabara ya chuo kimoja kule Parklands, Nakhumicha amesimama nje ya mstari wa manjano, mikono nyuma, kama mtoto aliyekatazwa kugusa keki. Mbele yake kuna tangi la maji, na ndani ya maji vyuma vya urani vimesimamishwa safu kwa safu. Kazi yake ni kulijaza, kulipangusa na kuangalia lisivuje. Leo hagusi kitu. Anangoja kuambiwa kama mwili wake una kasoro.

Katika tangi hilo hutoka nyutroni, vijichembe visivyoonekana, vyenye mbio. Maji huvipunguza mwendo, na vikitulia ndipo urani huchangamka na kuvitoa kwa wingi zaidi. Wataalamu huvihesabu kwa mashine iliyo kando. Haya, kitendawili: moto gani huu unaochochewa kwa maji? Nakhumicha ana miaka mitatu hapa na hajakitegua.

Wiki iliyopita kikaja kingine. Kila akipita nyuma ya mashine na kitambaa chake, hesabu inapanda. Akiondoka, inashuka. Vijana wa maabara wakamtania kwamba amemeza betri. Kicheko kiliisha pale msimamizi, Daktari Mukonyo, alipomwambia apumzike kwanza hadi kieleweke.

Nyumbani Ngara, binti yake Nasimiyu aliposikia, alidhani mama amebeba mionzi, akamtengea kikombe chake peke yake. Mjukuu akakatazwa kupanda mapajani.

“Hakunitukana,” anasema Nakhumicha. “Aliniambia, ‘Mum, ni ya muda tu.’ Hapo ndipo niliumia.”

Beji ya kupima mionzi anayovaa kifuani ilikaguliwa, ikawa safi. Sasa kama yeye ni mzima, mbona mashine inamwona?

Mukonyo anaingia na jerikeni la maji ya bomba. Analiweka juu ya kigoda nyuma ya mashine, palepale anapopangusa mama huyu. Namba zinapanda. Analiondoa, zinashuka.

Nakhumicha analitazama jerikeni, kisha anamtazama Mukonyo.

“Daktari, na hilo pia ni gonjwa?”

“Hapana, mama. Ni maji tu, na mwili wako mwingi ni maji. Nyutroni zikitoka kwa tangi zinakugonga, zingine zinarudi kwa mashine. Hata mimi.”

Anasimama pale mwenyewe. Zinapanda.

Kesho mama anarudi kazini, ila nyuma ya mashine atapangusa tu wakati hesabu imesimamishwa. Ameelewa?

“Wapi,” anasema, akicheka kidogo. “Maji yanachochea, maji yanarudisha, halafu maji ndiyo mimi. Nimechanganyikiwa kuliko jana.”

Jioni atashuka Ngara kwa miguu. Amepanga kumpakata mjukuu kabla hajaulizwa lolote, kisha amwambie Nasimiyu: “Kile kikombe kirudishe kwa vyenzake. Ukiniogopa mimi, uogope na jerikeni la hapo jikoni.”