Pete ya Chuma Mguuni

Cheka ukitaka, lakini haya yaliyonipata uani kwangu, mtaa wa Nguvumali, sikuyaota wala sikuhadithiwa.

Mimi si fundi. Nauza dawa dukani, ila pikapu yangu ilikuwa imeliwa na kutu hadi barabara unaiona kupitia sakafuni, nami nikachoka kuwabembeleza mafundi. Nikanunua mashine ndogo ya kuchomelea, nikawa najifunza jioni jioni. Kazi zangu zilikuwa mbaya, nakwambia kweli. Nyingi ziliachia ukizigonga tu.

Siku hiyo mke wangu alikuwa Kigombe mazikoni. Binti yetu, Rukia, alilala ndani na homa na kikohozi, mlango nimeuacha wazi nimsikie akiita. Jua likikaribia kuzama, nikasikia hodi.

Alikuwa bibi mmoja kajitanda kanga, miguu peku. Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia. Akainua kanga kidogo, nikaona pete nene ya chuma kwenye kifundo cha mguu, imekatika.

"Iunganishe, mwanangu."

"Nitakuunguza, bibi. Ngoja niikate, uivue."

"Usiikate!" Alipiga ukelele hadi nikarudi nyuma. Kisha akasema taratibu, kama anayeomba: "Walionifunga wameshakufa wote. Maghribi ikinikuta pete iko wazi, nitaingia nyumba iliyo karibu. Mwenyewe sitaki. Huyo anayekohoa ni mwanao, ee?"

Unadhani ningekimbia? Rukia ningemwachia nani?

Nikavaa kofia ya kuchomelea. Wenye kazi hiyo wanajua: kioo chake ni cheusi tii, kabla hujawasha moto huoni hata mkono wako. Basi wallahi, sikuona ua wala gari, lakini yeye nilimwona. Wazi kabisa. Na hakuwa kibibi tena; alikuwa mrefu kupita paa, kainama ananitazama usoni.

Nikawasha moto hivyo hivyo. Kijiti cha kuchomelea kikanasa kwenye chuma, nikakibandua, nikagusa tena. Cheche zikamwagikia unyayo wake, ngozi isitoke hata lengelenge. Chuma kikatoboka. Nikajaza, kikatoboka tena. Mara Rukia akaita, "Baba!" Ule mguu ukajivuta kuelekea mlangoni, ukaniburuta nami nimeushikilia.

"Haraka," bibi akalia. "Haraka, mwanangu, nashindwa!"

Nikajaza chuma ovyo ovyo hadi kijiti kikaisha mkononi. Adhana ikaanza. Nilipofunua kofia, uani hapakuwa na mtu.

Asubuhi Rukia aliamka hana homa. Akanywa uji, kisha akaniuliza, "Baba, yule bibi aliyeshika mlango wetu jana, alikuwa analia nini?"

Nikamwongezea uji tu.

Mashine iko stoo, sijaiwasha tena. Pikapu nimeirudisha kwa mafundi. Maghribi ikikaribia nafunga mlango na kukaa na mwanangu, mke wangu akiniona nimeingiwa na wazimu. Maana ile kazi sikupata hata nafasi ya kuigonga nijue kama imeshika.

Nawe uliyenunua mashine ujifundishe nyumbani, sikiliza. Akija kwako, usimfukuze, wala usimwonee huruma ukamfungua. Mfungie pete yake. Na tafadhali, mfungie vizuri kuliko nilivyomfungia mimi.