Mti Usioota Popote

Mtaani walimwita Juzuu, kwa kuwa kila ulipomuuliza jambo alijibu, "Hilo liko kwenye juzuu ya..." kisha akataja ya nyuki, ya madaraja, ya kufuli au ya maradhi ya damu. Alikuwa mwandishi wa vitabu vya marejeo katika kampuni ndogo ya uchapishaji. Kila juzuu na fani yake, iliyorahisishwa hata asiye mtaalamu aielewe. Dada yake, aliyemlea tangu mama yao afariki, alizipanga zote sebuleni, na mgeni hakupewa hata maji kabla hajaonyeshwa.

Kampuni hiyo ilikuwa na desturi yake. Katika kila juzuu walificha kitu kimoja cha uongo, ili mwizi wa kazi akikinakili ajulikane. Kwenye nyuki Juzuu alitunga nyuki. Kwenye madaraja, daraja. Kwenye miti ya dawa akatunga mti, akauita msurambi, akaupa gome jekundu na utomvu mweupe. Na kwa kuwa uongo nao hutaka chumvi, akaongeza kwamba mizizi yake huyeyusha uvimbe wa tumboni.

Dada akaota uvimbe tumboni.

"Daktari anataka kunipasua wiki ijayo," alimwambia Juzuu huku akicheka. "Nikamwambia, pasua wasio na ndugu. Mdogo wangu keshaandika dawa."

Juzuu alimshika mkono. "Dada, mti ule haupo. Niliutunga mimi. Ni mtego wa wezi."

"Kumbe mke wangu mwizi, shemeji?" mume wa dada akadakia kutoka mlangoni.

Dada aliinuka kwa kujikokota, akaleta kitabu kipya cha kampuni nyingine. Msurambi ulikuwamo, gome jekundu na yote.

"Na hawa nao umewatungia wewe?"

"Wameniibia mimi, dada! Nenda hospitali, nakuomba."

"Vitabu viwili vinasema upo," alisema mumewe taratibu, "mtu mmoja anasema haupo. Na mtu huyo ndiye atakayebaki na nyumba ya mama yenu, mwenzake akifia kwenye kisu."

"Hebu nyamaza, baba," dada alimkemea. Lakini alimtazama mdogo wake kwa jicho ambalo Juzuu hakuwahi kuliona tangu utotoni.

Juzuu alikimbilia ofisini na kile kitabu kipya, akitaka barua ya kampuni ya kuthibitisha kwamba mti ni wa kubuni. Bosi alikipekua, akaruka kwa furaha.

"Wamenasa! Hawa tunawafikisha mahakamani. Barua? Wee! Habari ikivuja leo, kesho wanauondoa mti, na kesi imekufa."

"Dada yangu ndiye atakayekufa."

"Pole sana, ndugu yangu. Si umwambie tu kwa mdomo? Au hakuamini?"

Aliporudi nyumbani, shemeji alikuwa amekwisha kwenda sokoni na kurudi. Muuza mizizi aliulizwa kama anao msurambi, akajibu kwamba huo hakosi hata siku moja. Dada alikuwa kitandani, kikombe mkononi, amekunja uso kwa uchungu wa dawa. Juzuu alikirukia kikombe. Shemeji akamshika ukosi na kumtupa nje kama paka aliyedokoa.

Siku ya upasuaji ikapita. Uvimbe haukusoma kitabu chochote. Uliendelea na kazi yake mpaka ukaimaliza.

Msibani, shemeji alikaa katikati ya wanaume, juzuu ya miti mapajani. "Tulichelewa," aliwaeleza, akigonga ukurasa kwa kidole. "Hapa pameandikwa, dawa ianzwe mapema."

Watu wakatikisa vichwa. Jirani mmoja akajisogeza kwa Juzuu, akamnong'oneza: "Mwalimu, mama yangu naye tumbo linamvimba. Unaota wapi huo mti?"

"Hauoti popote. Mpeleke hospitali."

Jirani alisonya, akahamishia kiti chake kwa shemeji. "Choyo gani hicho! Hata kifo cha dada yake hakijamfunza."