Siku Nilipoanua Dagaa wa Mwalo Mzima

Naomba nijicheke mwenyewe kwanza, maana nikiwaachia ninyi mtanimaliza. Kila Desemba mnaniuliza kwa nini watu wakipanga kwenda kupumzika ziwani mimi sikosi udhuru, mara mafua, mara mahindi yanataka palizi, na mmefika mahali mnasema naogopa mamba. Siogopi mamba. Naogopa wanawake kumi na mmoja wa mwalo mmoja, ufuko wa wavuvi kule Kigoma, ambao niliwavurugia kazi yao yote mchana mmoja tu, na hakuna aliyenituma.

Ilikuwa 2013, nina miaka kumi na miwili, nimemaliza darasa la tano na nimeshika nafasi ya tatu, na baba alikuwa ameahidi kwamba nikiingia tatu bora nitakwenda likizo kwa Shangazi Yustina, ziwani. Mimi na ziwa tulikuwa hatujawahi kuonana. Kwetu ni Heru Juu, huko juu ya Kasulu, kwenye migomba na baridi, asubuhi ukungu unalala mabondeni mpaka unadhani dunia imekwisha pale. Nilikitangazia kijiji kizima safari yangu, na wale ambao hawakuuliza niliwafuata shambani kuwaambia. Basi siku ya siku nimo kwenye basi, kona ya mwisho tunaanza kushuka Kigoma, naona kule chini kumetanda kitu cheupe kimetulia, nikasema kwa sauti, "Mbona saa saba hii ukungu wao haujaondoka?" Basi zima lilicheka, na kondakta akanionyesha kwa kidole, akasema, "Dada, huo ukungu una samaki."

Hiyo ilikuwa aibu ndogo, nikaimeza. Siku zilizofuata nilikuwa na raha ambayo sijaipata tena maishani, nawaambia kweli. Nilicheza na mawimbi mpaka ngozi ya vidole ikajikunja, nikanywa maji ya ziwa kwa pua, nikala samaki mgebuka wa kukaanga asubuhi, mchana na jioni. Na kwa kuwa nimelelewa vizuri (mama angesikia anasalimiwa mtu bila heshima angenitoa roho), kila niliyekutana naye ufukweni nilimwinamia, nikapiga makofi taratibu, "Mwidiwe", kama tunavyosalimia sisi Waha nyumbani. Siku ya tatu vijana wa mitumbwi wakiniona nakuja wanaanza wao kupiga makofi, wote kwa pamoja, kama kwaya. Shangazi akaniita ndani akaniambia, "Adela, hapa shikamoo inatosha."

Nilidhani ananionea aibu bure, lakini alikuwa na lake. Shangazi, dada yake baba, aliolewa kule na fundi wa injini za mitumbwi, na kazi yake ilikuwa kununua dagaa wabichi mitumbwi inaporudi alfajiri, kuwaanika mchangani, kuwauza wakikauka. Sasa pale mwaloni huaniki tu popote unapotaka. Kila mwanamke ana sehemu yake imezungushiwa mawe, na anayegawa sehemu ni Bi Mwasiti, mama mnene wa Ujiji mwenye sauti ndogo (na ogopeni sana mtu mnene mwenye sauti ndogo). Miaka minne shangazi alianika dagaa wake juu ya bati la jiko, anashindana na paka, kwa sababu walisema watu wa mlimani dagaa hawawajui. Mwaka ule ndiyo kwanza amepewa sehemu, ya mwisho kabisa, jirani na bata, na kwa majaribio. "Mimi hapa bado wananiangalia," aliniambia. "Usiniharibie." Nikamwambia siwezi kukuharibia shangazi, na nilimaanisha kila neno.

Siku ya tisa akafariki mzee mmoja mwenye mitumbwi, mazishi yakapangwa saa nane. Dagaa walikuwa wameshaanikwa tangu asubuhi, na mwanamke wa pale hawezi kukosa msiba wa jirani kwa sababu ya dagaa. Bi Mwasiti akauliza nani atabaki. Shangazi yangu, masikini, akaona hapo ndipo pa kuonekana mtu, akasema, "Yupo huyu mtoto wa kaka yangu. Ana akili, ni wa tatu darasani."

Bi Mwasiti alinitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni, na miguu ndiyo iliyomchukua muda mrefu. "Fukuza kunguru, fukuza bata. Basi."

Hilo "basi" ndilo ambalo sikulisikia. Wakaondoka wote na kanga zao, nikabaki mimi, bata, na mzee mmoja mshona nyavu aliyekuwa amelala chali pembeni ya mtumbwi uliopinduliwa, usingizi wa mtu aliyekesha majini. Kwa muda wa saa moja nilifukuza kunguru vizuri kabisa. Halafu nikainua macho, nikaona juu ya milima ya Kongo, ng'ambo ya ziwa, wingu. Si wingu la mchezo, ni jeusi, limevimba, na linakuja.

Sasa hapa lazima mnielewe, hasa ninyi ambao hamkukulia kwetu. Heru Juu mvua ikitishia hakuna anayeuliza maharage ni ya nani. Ukikuta mihogo ya jirani imeanikwa na mwenyewe yuko shamba, unaanua, unaingiza nyumba iliyo karibu, hata kama jana mligombana kisimani, na akirudi akakuta vyake vikavu anakwenda kumwambia mama yako kwamba huyu mtoto kalelewa. Mimi nilikuwa bingwa wa kuanua. Nilikuwa nimeshasifiwa mpaka na mke wa mchungaji. Kwa hiyo nilipoliona wingu lile sikuwaza dagaa, niliwaza Bi Mwasiti anavyorudi msibani mbio huku amekata tamaa, anakuta dagaa wote wamesalimika, anamgeukia shangazi yangu mbele ya watu.

Nikachukua beseni na ufagio, nikaanza. Nilifagia sehemu ya Bi Mwasiti, nikafagia ya Mama Rehema, nikafagia za wote kumi na mmoja, mchanga na kokoto humo humo, nikawa nabeba mbio namwaga sebuleni kwa shangazi, kwa sababu ndiyo nyumba niliyokuwa na ufunguo wake. Lundo likapanda mpaka likafika usawa wa dirisha. Dagaa waliokauka, dagaa wenye maji, wa jana na wa leo, wote wakalala pamoja kama ndugu. Nilipomaliza bado nikawa na huruma imebaki, nikamkumbuka yule mzee, nikasema atalowa, nikatafuta turubai nikamfunika vizuri, kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu, na pembeni nikabana kwa mawe ili upepo usilichukue. Hakushtuka hata kidogo.

Halafu nikakaa kizingitini nikingoja mvua na sifa. Mvua niliiona. Ilinyesha kule katikati ya ziwa, mbali, ikasimama kama pazia la kijivu dakika kama kumi hivi, ikaondoka zake kuelekea kusini, na upande wetu halikuanguka hata tone la kulowesha kidole. Jua likarudi kali kuliko mwanzo. Nyumbani mwa shangazi kukaanza kutoka harufu, maana dagaa wabichi ukiwalundika wanapata joto, na mimi jasho linanitoka napiga hesabu: niwarudishe, sawa, lakini yupi ni wa nani? Nikaamua (akili ya wa tatu darasani) kugawa sawa kwa sawa, mafungu kumi na moja. Ningejua wapi kwamba Bi Mwasiti ananunua dagaa wa mitumbwi mitatu na Mama Rehema ananunua mabeseni mawili?

Nilikuwa na beseni la kwanza mkononi, bado sijatoka ndani, waliporudi kutoka msibani. Si wanawake tu, msiba mzima, na masheikh. Na walichokiona kwanza si mimi. Waliona mchanga mtupu, hakuna dagaa hata mmoja, na juu ya mchanga ule mtu amelala amefunikwa turubai gubigubi, limebanwa kwa mawe.

Mama Rehema aliachia yowe ambalo nadhani Kongo walilisikia. "Na huyu naye!" Wanawake wakashika vichwa, wanaume wakakimbilia pale, mmoja ameshaanza kutaja jina la Mungu, na kelele zile ndizo zilizomwamsha mzee. Alikaa. Alikaa na turubai lake usoni, anapapasa, anauliza nani amezima jua. Vijana wawili waliingia ziwani na suruali zao za msibani.

Hapo ndipo nilipotokea mlangoni na beseni.

Sikupigwa. Ningepigwa ingekuwa nafuu. Wanawake waliingia sebuleni mmoja mmoja, wakatazama, wakatoka wameziba pua. Mama Rehema akaokota dagaa mmoja akasema huyu ni wangu, wangu walikuwa wakubwa, mwingine akamwambia kwa wakubwa gani, na ugomvi ukaanza kuwaka juu ya dagaa ambao hata mama yao asingeweza kuwatambua. Bi Mwasiti akanyoosha mkono, wakanyamaza.

"Nani kakwambia uanue?"

"Mvua, bibi. Kwetu ikija mvua tunaanua vya wote."

"Wingu la Kongo linanyesha Kongo," akasema, kwa ile sauti ndogo. Kisha akamgeukia shangazi. "Yustina. Uliniambia ana akili."

Na shangazi yangu, ambaye miaka minne alikuwa amejifunza kutembea kama wao, kufunga kanga kama wao, aliyenikataza mimi kupiga makofi, alipiga magoti mchangani mbele ya msiba mzima, akainama, akapiga makofi polepole kama mama zetu wa Heru Juu wanavyoomba radhi, na alipofungua kinywa kikatoka Kiha. Sidhani kama alikusudia. Vijana hawakucheka safari hii. Mimi nililia pale pale na beseni langu, kwa sababu nilielewa kwamba hakuna kitu alichobakiza cha kuficha, na aliyemvua ni mimi.

Bi Mwasiti akasema kila mtu ataje alianika mabeseni mangapi, apimiwe hayo hayo. Wakataja. Wote ni watu wa swala na wa kanisa, na wametoka kuzika, lakini mabeseni yaliyotajwa yalizidi lile lundo. Bi Mwasiti akapima bila kubishana na mtu, na zamu ya shangazi ilipofika, mwisho, sakafu ilikuwa nyeupe. Shangazi akasema yeye hakuanika kitu siku ile. Bi Mwasiti akamwangalia, akijua, akasema, "Kesho uanike mapema. Na mawe yako uyasogeze huku, kule bata wanakusumbua."

Jioni shangazi alinipikia ugali, hana hata dagaa wa kuuweka pembeni, tukala na maharage niliyomletea kutoka nyumbani. Nikamwambia anirudishe Kasulu kesho. Akasema, "Kosa ni langu. Niliona haya kukuambia kwamba hapa hatuishi kama kwetu, nikajifanya kama nimezaliwa majini." Halafu akaanza kucheka, akamkumbuka mzee na turubai, akacheka mpaka akajipangusa macho kwa kanga, na mimi nikacheka nikiwa bado nalia.

Niliapa siku ile, na kiapo nimekishika: kitu cha mtu sikianui bila ruhusa. Mume wangu ni shahidi, mara ngapi mvua imekuta nguo zake kambani nikiwa nampigia simu kumuuliza kama niziondoe, na yeye hapokei. Shangazi bado anaanika pale, sehemu nzuri, katikati, na yeye sasa ndiye anayewapokea wageni. Kila mwaka ananiita likizo, na kila mwaka, kabla hajakata simu, anashusha sauti: "Njoo mwanangu, wameshasamehe. Ila akifa mtu, tunakwenda wote."